Mlango Uliofunika Ramani

Mama Milango hapigi kura Tanuri. Wanaomjua hucheka wakisikia hivyo, maana ukitaka kujua nani alizaliwa nyumba gani pale Tanuri, alihama lini, na kabati lake lilikwama kwenye fremu ya nani, yeye ndiye wa kuulizwa. Lakini uchaguzi ukifika, wenzake wanateremka bondeni kwenye shule ya zamani, naye anapanda kilima kwenda kupanga foleni na watu ambao hata majina ya mama zao hayajui. Hakuna aliyemwonea. Jambo hilo alilinunua mwenyewe, na bei aliijua kabla ya kulipa.

Jina alipewa na wateja. Ana yadi ya milango iliyokwisha kutumika. Nyumba ikitaka kuvunjwa, yeye huwa amefika kabla ya nyundo. Hununua milango, madirisha, fremu, vitasa, hata bawaba zilizoliwa na kutu, kisha huipiga milango randa na kuiegemeza ukutani mmoja mmoja kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Alianza na mlango mmoja tu, akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule baba yake alipoachishwa kazi tanurini. Aliupata kwa kubeba vifusi siku mbili. Akamuuzia msimamizi yule yule aliyemwachisha baba yake kazi, na hakumpunguzia hata kidogo. Msimamizi aliponung'unika, binti alimwambia, "Mzee, mlango ni wako au si wako? Kama si wako, niachie njia nipite." Mzee akalipa.

Tanuri siku hizo ilikuwa bonde la matofali. Mababu waliletwa kutoka mbali kuja kufinyanga na kuchoma, na walipokuja walikuja na lugha yao, ambayo mjini hakuna aliyeielewa wala aliyejisumbua kuielewa. Mji mzima ulijengwa kwa matofali yao, na mji huo huo ukawaita watu wa udongo, wala haukuwaita hivyo kwa mapenzi. Tanuri lenyewe lilizimwa zamani, bomba lake la moshi likaangushwa kwa kamba asubuhi moja watu wakitazama, na watu wakabaki. Wangekwenda wapi? Makaburi yao yalikuwa hapo.

Kitu kimoja Mama Milango anakikumbuka kuliko moshi. Ni milango ya nusu. Nyumba za Tanuri zote zilikuwa na mlango uliokatwa katikati, kipande cha chini na kipande cha juu, kila kimoja na bawaba zake. Kipande cha chini kilifungwa mchana kutwa ili vumbi la matofali na kuku wa jirani visiingie. Cha juu kiliachwa wazi. Baba yake alikuwa akisema nusu ya chini ni ya vumbi, nusu ya juu ni ya umbea. Ukipita njiani jioni uliona vichwa tu na viwiko, mtaa mzima umeegemea milango, na habari ilitoka nyumba ya kwanza ikafika ya mwisho kabla hujamaliza kutembea. Mlango wa nusu hauna soko, wateja wa mjini hawautaki. Hata hivyo yeye hajawahi kuukataa anapoletewa. Akiulizwa kwa nini, husema mbao zake ni nzuri.

Zamani, kabla Tanuri haijawa kata, bomba la maji lilipita juu ya bonde na kuwakwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi. Tanuri ilikuwa mkia wa kata nyingine, na diwani wa kata hiyo aliwatembelea mara moja kila miaka mitano, akiwa amekunja suruali. Ilipofanywa kata, wakamchagua mtu wao wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani, kaka mkubwa wa mume wa Mama Milango, yaani shemeji yake. Mume alikwisha kufariki. Shemeji alibaki, na utani wao ukabaki. Diwani huyo hakuwa na ofisi. Alisikiliza malalamiko huku akimpima mtu kiuno, na wapo waliokwenda kushona suruali wasiyoihitaji ili tu walalamike. Maji yakaja. Daraja la mtaro likaja. Zahanati ikapata muuguzi aliyejua lugha yao, na bibi vizee wakaacha kuonyesha kwa vidole mahali panapouma. Diwani mmoja katika baraza zima hana nguvu ya kupitisha kitu, ila ana mdomo wa kukitaja, na watu wa Tanuri walikwisha kujifunza kwamba kisichotajwa hakipo.

Hiyo ndiyo mali iliyotaka kupotea.

Siku yenyewe Mama Milango alikwenda ofisi ya halmashauri kuhuisha leseni ya yadi. Chumba cha mapokezi kilikuwa kile kile. Benchi la mbao, kaunta iliyochubuka, feni iliyogoma, na mlango. Mlango huo aliwauzia yeye miaka kumi na moja nyuma, kutoka nyumba ya daktari mmoja iliyovunjwa. Ulikuwa mpana, mzito, wa mbao ngumu. Ulifungukia ndani na kulala ukutani kutwa nzima, umezuiwa kwa nusu ya tofali. Kila upepo ulipopita, bawaba ya juu ililia. Kwa watu wengine benchini ilikuwa kelele tu. Kwake ilikuwa kama kumsikia mwanawe akikohoa mbele za watu.

Akavumilia mara tatu. Mara ya nne akainuka, akasukuma tofali kwa mguu, akauvuta mlango ili aikague bawaba. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na ramani.

Ilikuwa karatasi kubwa ya rangi, imebandikwa pembe zote nne, safi kama imetoka dukani. Matangazo mengine yote ya chumba kile yalikuwa yamechorwa masharubu au yamechanwa kipande cha kuandikia namba ya simu. Hili halikuwa limeguswa. Juu liliandikwa: Mapendekezo ya Mipaka Mipya ya Kata. Chini, kwa herufi ndogo, wananchi waliombwa kuleta pingamizi ndani ya siku thelathini. Akahesabu tarehe. Siku ishirini na mbili zilikwisha kupita.

Akaitafuta Tanuri kwa kidole, hakuiona. Akaiona shule, akaona zahanati, akauona mtaro, na mtaro ulikuwa umegeuka mstari mwekundu. Mstari mwingine ulishuka na barabara ya tanuri la zamani. Bonde lilikuwa limekatwa vipande vitatu vyenye rangi tatu, kila kipande kimeshonewa kwenye kata kubwa ya jirani. Jina lenyewe halikuandikwa popote.

"Karani," aliita, sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza bei, "karatasi hii iko hapa tangu lini?"

"Ipi, mama?"

"Hii ya nyuma ya mlango."

"Aa, hiyo ya tume ya mipaka. Tuliagizwa tubandike ukutani."

"Ndiyo hapa?"

"Ukuta ni ukuta, mama. Kwingine kumejaa."

Alimtazama karani. Kijana huyu hakuwa mbaya. Aliwahi kununua kwake dirisha na akalipa kwa wakati. Ujinga na ujanja ni mapacha, na anayeweza kuwatofautisha ni mama yao tu. Mama Milango hakujisumbua kuwatofautisha. Alichukua leseni yake, akaurudisha mlango kama alivyoukuta, akaweka na tofali, akaondoka.

Alimkuta shemeji yake akimpima mteja mabega, pini tatu mdomoni.

"Tema hizo pini, shemeji, usije ukazimeza. Nina habari."

Akamweleza mbele ya mteja, maana mteja naye alikuwa mtu wa Tanuri. Fundi alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Mimi ni diwani. Wangeniandikia."

"Hawakukuandikia?"

Fundi akawaza. Kisha akainama chini ya meza, akafukua vitambaa, akatoa karatasi yenye nembo. Ilisema kutakuwa na "marekebisho madogo ya mipaka", ramani imewekwa ofisini. Nyuma yake, kwa kalamu ya fundi, kulikuwa na vipimo vya suruali ya mwalimu mkuu: kiuno, paja, urefu.

"Lo," alisema fundi.

"Suruali ilimkaa?"

"Ilimkaa vizuri sana."

"Basi barua haikupotea bure."

Mteja alicheka, fundi hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha cherehani akaivua tepu shingoni. "Wengi wape, shemeji. Wao wamekuwa wengi, mji umekua. Sisi tumebaki wachache. Tutafanyaje?"

"Methali hiyo aliitunga mtu wa upande wa wengi," akajibu. "Mimi niko sokoni zaidi ya miaka thelathini, sijawahi kumpa mtu mlango kwa sababu ana ndugu wengi. Wachache tumekuwa siku zote, lakini wachache mahali pamoja. Wakitukata mara tatu, kila tuendako tutakuwa mkia tena. Na mkia unajua kazi yake. Kufukuza nzi."

"Nitaandika barua ya malalamiko. Leo hii."

"Andika. Wataiweka kwenye faili. Na faili wataliweka wapi?"

"Wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Kesho yake asubuhi, ofisi ilipofunguliwa, Mama Milango alikuwa amesimama nje na bisibisi, bawaba mbili mpya, na mkokoteni. Foleni ya watu wa leseni ilikuwa imekwisha kujaa.

"Nimekuja kuchukua mlango, mwanangu," alimwambia karani. "Unalia. Unaniharibia jina."

"Tumekuita?"

"Mlango wangu una dhamana."

"Dhamana ya miaka kumi na moja, mama?"

"Ya maisha. Yangu, si ya mlango. Bure, halmashauri haitoi hata senti." Akatandika karatasi juu ya kaunta. "Nisainie kwamba nimeuchukua, usije ukasema nimeiba. Soma kwanza."

Karani alikuwa na watu kumi na wawili mbele yake na simu sikioni. "Weka hapo, mama, weka hapo."

"Soma kwanza, nakwambia."

"Mama, ni mlango tu!" Akasaini. Akapiga na mhuri, maana mhuri ulikuwa mkononi.

Dakika ishirini baadaye mlango ulikuwa juu ya mkokoteni, na ukuta ule wa nyuma yake ulikuwa mtupu isipokuwa ramani moja kubwa ya rangi, mbele ya macho ya kila aliyeingia. Macho hayana pazia. Mtu wa kwanza kwenye foleni aligeuka akaisogelea. Wa pili akamfuata. Kufika saa nne palikuwa na foleni mbili, moja ya leseni na moja ya ramani, na ya ramani ndiyo ilikuwa ndefu.

Siku zile saba zilizobaki Tanuri nzima ilipita pale. Walikuja na miwani, walikuja na wajukuu wa kuwasomea, walitafuta paa zao kwa vidole mpaka karatasi ikaanza kung'aa mafuta. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mkaa aligundua mstari umepita katikati ya uwanja wake. "Sasa mimi nitapigia kura jikoni au chumbani?" aliuliza, na swali lake likazunguka mji kabla ya adhuhuri. Fomu za pingamizi zilijazwa dukani kwa fundi, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na wino ulipokwisha wakatumia ule wa kuwekea alama suruali.

Tume ilikuja kusikiliza maoni katika ukumbi wa shule. Mwenyekiti wake alikuwa mzee mtaratibu, mwenye miwani aliyoifuta kila alipotaka kufikiri. Kwanza aliuliza kama ramani ilionyeshwa kwa wananchi siku zote thelathini kama sheria inavyotaka. Ofisi ikajibu kupitia karani kwamba ndiyo, ilibandikwa ukutani tangu siku ya kwanza.

Mama Milango akanyanyua mkono. Hakuhutubia. Alitembea hadi mezani akaweka karatasi yake, mhuri juu.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. "Mimi, karani wa mapokezi, leo nimemkabidhi muuza milango mlango mmoja wa mbao ngumu, ambao umefunika tangazo la ramani ya mipaka kwa siku ishirini na tatu, ili ukatengenezwe." Akafuta miwani. "Sahihi hii ni yako, kijana?"

Ukumbi ulilipuka. Wapo waliopiga madawati. Karani alikubali kwa kichwa. Mama Milango hakuona raha, wala hakumwonea huruma. Alimwambia asome, tena mara mbili.

Mwenyekiti hakucheka. Aliamuru siku zihesabiwe upya kuanzia moja, ramani ipelekwe sokoni, zahanati, shuleni na kwenye duka la kila mtaa, na mpimaji wa tume aende Tanuri kwa miguu akaone kama bonde lile kweli ni watu wamoja, au ni watu waliokaribiana tu.

Mpimaji alikuwa dada mdogo mwenye viatu vya buti na kompyuta ya mkononi. Fundi alitaka kumtembeza, lakini fundi alikuwa diwani, na diwani ana kiti cha kutetea. Akapewa muuza milango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyechora?"

"Kompyuta ndiyo iliyochora, mimi niliikagua. Ule mtaro ni mpaka mzuri, mama. Unaonekana hata kutoka angani."

"Na huko angani anaishi nani?"

Dada alicheka, na tangu hapo mambo yakawa mepesi. Wakaanza na mtaro wenyewe. Mama Milango alimwonyesha mbao zilizolazwa juu yake, kila nyumba na ubao wake wa kuvukia, mbao kumi na saba tangu darajani hadi shuleni, nyingine zimelika katikati kwa nyayo. "Huu ni mlango wa nyumba ya bibi wa mkaa, kipande cha chini. Mumewe alipofariki aliulaza hapa ili dada yake wa ng'ambo ya pili avuke kuja kulala naye. Watu wasiojuana hawalaziani ubao."

Kisha wakafuata milango. Ilikuwa njia yake ya kufanya kazi, hakuwa na nyingine. Mahali palipokuwa na mlango wa nusu, alisimama. Palipokuwa na mlango mzima, alimwambia dada nusu zake zilikwenda wapi na lini, maana nyingi alizinunua yeye. Hapa alikaa mpiga chapa wa matofali, mtu mwenye vidole vinane aliyemfundisha kuhesabu. Hapa harusi ilikwama saa nzima kwa sababu bibi harusi alikataa kutoka mpaka wafungue vipande vyote viwili. Hapa kaka yake marehemu alianguka kutoka juu ya mlango akavunjika jino, na jino lile likatafutwa na mtaa mzima kwa tochi na mafagio, likapatikana kwenye ndoo ya maji. Hapa ndipo mume wake alipoegemea mara ya kwanza kumsemesha, akajifanya anauliza njia ya kwenda kwao mwenyewe.

"Ukamwonyesha?" dada aliuliza.

"Nilimwambia kuuliza ni bure, kuonyeshwa ni bei. Akalipa miaka ishirini na sita."

Alisema hivyo akitazama mbele. Mlango ule ulikuwa bado upo, umepakwa rangi ya samawati, kitasa kile kile. Aliugusa ukingo wake wa juu, pale kiwiko kinapokaa, akapita.

Kila aliposimama, dada alibonyeza nukta. Kufika alasiri walikaa kwenye ngazi za shule wakatazama kioo. Nukta zilijaa bonde zima, zikaruka mtaro huku na huku kama vile haupo, zikapanda mpaka mwanzo wa kilima, zikakoma. Juu ya hapo hapakuwa na nukta hata moja.

"Hawa ni watu wamoja," alisema dada. "Hili nitaliandika. Lakini kuna tatizo, mama, na sitakudanganya. Kata zote zinatakiwa kulingana kwa watu. Kata yenu imezidi. Ndiyo maana kompyuta iliikata. Bonde likibaki zima, lazima watu kama elfu moja na mia mbili wa mahali pengine katani watolewe."

"Toa nyumba za walimu."

"Hazifiki mia."

"Toa soko."

"Hakuna anayelala sokoni."

Mama Milango akatia mkono mfukoni. Jibu alikuwa nalo tangu dada alipotaja idadi. Katika biashara alijifunza kwamba jibu la kwanza linalokujia na kukuuma ndilo la kweli. Yale mengine ni ya kuzungushia maneno. Akachezea skrubu mfukoni. Akatazama bonde, akatazama kilima.

"Mteremkoni," alisema. "Huo mtaa wa juu, pale nukta zilipokoma. Watu wake ni mchanganyiko, wametoka kila upande, milango yao ni ya chuma. Ukiwapeleka kata ya juu hawapotezi msemaji, huko nako wana wenzao wengi tu. Na idadi itatosha, kuzidi kidogo au kupungua kidogo."

Dada akabonyeza, akahesabu. "Inatosha." Akainua macho. "Wewe mwenyewe unakaa wapi, mama?"

"Nyumba ya geti la kijani. Ya tatu kutoka juu."

Kioo kikatazamwa tena. "Hiyo iko Mteremkoni."

"Najua iko wapi. Niliijenga mimi."

Fundi aliposikia, alipandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Shemeji! Umetuokoa sisi ukajitupa nje mwenyewe? Hamia huku chini, basi. Kodi chumba. Hata hapa dukani pana nafasi ya kitanda."

"Nilale na cherehani?"

"Sitanii!"

"Sikiliza, shemeji. Nikihama leo, kesho watasema nilipanga mstari nikauruka. Muuzaji akichekacheka, mnunuzi anaanza kukagua kasoro. Akimwona anaumia kidogo, anajua bei ni ya haki, anampa mkono. Acha niumie kidogo."

Na ikawa hivyo. Ramani mpya ilikaa siku thelathini mahali penye macho, hata kwenye duka la Mteremkoni, juu ya mzani wa sukari. Watu wachache wa huko walinung'unika, wakaulizwa wamepoteza nini, wakaomba sukari yao wakaondoka. Katika kikao cha mwisho alisimama bwana mmoja wa kata ya jirani, akadai watu wa udongo wamejichorea ramani kwa faida yao. Mwenyekiti akafuta miwani, akauliza aliyependekeza mpaka huu anaishi upande gani. Akaambiwa. Bwana akaketi.

Siku ramani ya mwisho ilipowekwa, Mama Milango aliurudisha mlango wa ofisi. Alikuwa ameupiga randa, ameubadilishia bawaba, na fremu aliichonga upya ili mlango ufungukie nje, barazani. Karani ndiye aliyemshikilia mlango wakati akikaza skrubu. Kisha Mama Milango akamsogezea karatasi ya kupokea.

Karani akaisoma. Akaisoma yote, akageuza na nyuma.

"Safari hii nimesoma, mama."

"Nimeona. Sasa funga, fungua, nisikie."

Akafunga, akafungua. Mlango haukulia. Ukuta wa ndani ulibaki wazi, na ramani juu yake. Mama Milango aliisogelea, akaiona Tanuri kwa jina lake, nzima, rangi moja. Akapandisha kidole hadi kwenye geti la kijani, ng'ambo ya mstari, akakiacha hapo kidogo kama mtu anayepima unene wa ubao. Halafu akakusanya bisibisi zake.

Miaka imepita. Fundi amestaafu, macho hayaoni tundu la sindano, na diwani sasa ni binti wa bibi wa mkaa, mwenye ulimi mkali hata baraza zima linamwogopa. Milango ya nusu imebaki michache, labda thelathini. Siku ya uchaguzi Mama Milango huamka mapema, akasimama kwenye ngazi zake na kikombe cha chai, akatazama chini. Anaiona foleni ya Tanuri ikijikunja kuzunguka shule. Hawezi kutambua nyuso kwa umbali ule, lakini anajua wanachekana kwa lugha gani. Mara nyingine fundi humwona na kupunga tepu ya kupimia hewani.

Kisha anafunga geti na kupanda juu. Mwaka huu, mbele yake kwenye foleni, alikuwapo mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Aligeuka akamtazama kwa udadisi.

"Samahani, mama, wewe ni wa huku kweli? Kila siku nakuona unashuka Tanuri."

"Kwa ramani, ni wa huku."

"Ramani! Hizo ramani anazichoraga nani hata hatuulizwi?"

"Hii niliulizwa."

"Ukasema nini?"

Foleni ikasogea. Mama Milango akamgusa yule mama begani, akamwonyesha nafasi iliyofunguka mbele.

"Nikawaambia wachore hivi hivi. Sogea, mwanangu, tusipitwe."